Watu 11,000 Walitazama? Wacha Niwaambie Hiyo Namba Ilitoka Wapi

Lile bango la rangi ya machungwa ambalo mmelisambaza kila mahali, lile limeandikwa "WATU 11,000 NA ZAIDI WAMETAZAMA LIGI YETU", ni mimi nililitengeneza. Nilikuwa kitandani saa tano usiku, chaji iko asilimia 9, na nilikuwa nimefurahi sana na hiyo namba. Leo nataka niwaambie ilitoka wapi, kwa sababu kuna mtu aliniuliza swali moja dogo tu, nikakosa jibu.

Kwa wale wageni hapa: mimi ni wa Kalamba, Makueni. Ndio, Kalamba ile ya kiwanda cha maembe cha kaunti. Siku hizi nakaa Wote, na kila Jumamosi natangaza mechi za ligi ya e-spoti ambayo imeanza mwaka huu. Timu 16, za kwetu na za Kitui: Wote, Emali, Makindu, Kibwezi, Mwingi, Kitui mjini, na vijana wa chuo kule Kwa Vonza. Tunacheza eFootball ya simu na Free Fire, wiki 10. Jina la ligi mnalijua, silitaji kwa sababu hili andiko si tangazo. Mdhamini wetu ni mzee mmoja mwenye duka la simu. Hajui Free Fire ni nini na hajawahi kujifanya anajua. Alitoa zawadi za kila wiki na pesa za bando ya kustrimu, akasema tukifika katikati ya msimu tutakaa chini tuangalie kama kuna watu wanatazama. Hapo ndipo bango lilipozaliwa.

Sasa hesabu. Kati ya hao 11,000, kama 8,700 ni klipu moja ya TikTok. Moja! Na si hata bao. Ni yule kijana wa Emali anashangilia, halafu mathe wake anaingia kwa chumba, anamnyang'anya simu na kumwambia akachote maji, na huku mechi bado inaendelea. Sekunde 42. Watu walicheka, wakaituma kwa marafiki, wakaenda zao. Nimesoma komenti zote na hakuna hata mmoja aliyeuliza mechi iliishaje. (Alifungwa 3-1. Mathe alishinda.) Wengine 1,900 ni Facebook, ambako video ikicheza sekunde tatu tu ushahesabiwa, hata kama ulikuwa unashusha kidole utafute mambo ya fundi wa gari. Waliobaki, 460, ndio waliofungua strimu yenyewe YouTube kwa wiki zote tano. Mimi nikajumlisha zote, nikapata 11,060, nikaandika "na zaidi". Hiyo "na zaidi" ni watu 60. Nacheka lakini si kicheko cha raha.

Mzee alipoliona bango alishika simu mbali na uso vile wazee hufanya, akasoma polepole. Akaniambia, "Mwĩĩtu wakwa, hawa elfu kumi na moja, wangapi wanaweza kutembea hadi dukani kwangu?" Hakuwa ananidharau. Alitaka kujua tu. Nikamwambia nitaangalia, mzee.

Nikaenda kuangalia. Na hapa ndipo nataka tuongee kama watu wazima, kwa sababu naona kila mtu anaanzisha ligi saa hizi, na kila ligi ina bango.

Namba ya kutazamwa si kitu kimoja. Kuna mara ambazo video imefunguliwa, hiyo ndiyo kubwa na ndiyo rahisi kupata. Kuna kilele, yaani ile dakika moja ambayo watu wengi zaidi walikuwa ndani kwa pamoja. Sisi kilele chetu ni 143, na katika hao tisa ni simu zetu wenyewe tukiangalia kama sauti iko sawa. Halafu kuna wastani wa kila dakika: unachukua dakika zote ambazo watu wametazama, unagawa kwa urefu wa strimu. Wetu ni 38. Watu thelathini na wanane. Strimu ya saa tatu kwa wastani wa 38 inakupa saa 114 za kutazamwa. YouTube wanataka saa 4,000 ndani ya miezi 12, pamoja na wafuasi 1,000, ndipo wakuruhusu kupata pesa za matangazo kikamilifu. Piga hesabu mwenyewe, ni kama wiki 35. Ligi yetu ni ya wiki 10.

Mtu atasema sisi ni wadogo ndio maana. Basi tuangalie wakubwa.

Januari 2018 Blizzard walizindua Overwatch League. Kama ulikuwa bado mdogo, hiyo ndiyo ligi iliyokuja na mdomo mkubwa kuliko zote. Timu za miji kama NBA: London, Seoul, Shanghai, New York. Iliripotiwa kwamba kila timu ililipa dola milioni 20 kuingia tu, na Twitch wakatoa dola milioni 90 kwa haki za kuonyesha miaka miwili. Wiki ya kwanza wakatangaza watazamaji zaidi ya milioni 10. Milioni kumi, wasee! Kila gazeti likaandika kwamba e-spoti imefika. Mwaka huohuo fainali ikachezwa Barclays Center kule Brooklyn, London Spitfire wakachukua kombe, ukumbi umejaa. Mwaka uliofuata timu zikapanda kutoka 12 hadi 20.

Lakini ndani ya hizo namba kulikuwa na mambo. Ukitazama kwenye Twitch ukiwa umeunganisha akaunti yako ya gemu, ulikuwa unapata tokeni za kununulia wahusika wako nguo. Kwa hivyo mtu anafungua strimu, anaizima sauti, anaenda kulala, tokeni zinaingia. Yeye ni mtazamaji? Kwa namba, ndio. 2020 ligi ikahamia YouTube, na watazamaji wakapungua sana. Mwishoni mwa 2023 ikafungwa kabisa. Corona iliwaumiza, ni kweli, kwa sababu mpango wote ulikuwa timu zicheze nyumbani kwao mbele ya mashabiki wao. Gemu yenyewe pia ilikaa muda mrefu bila kitu kipya. Siwezi kusema ni namba pekee ziliiua. Ninachosema ni kwamba ile milioni 10 ya wiki ya kwanza haikumwambia mtu yeyote kitu cha maana kuhusu mwaka wa tatu, na watu walilipa mamilioni kana kwamba imewaambia.

Sasa weka pembeni, uangalie Evo. Mwaka 1996 kule Sunnyvale, California, watu 40 walikutana kucheza Street Fighter. Waliita Battle by the Bay. Hakuna strimu, YouTube yenyewe haijazaliwa. Ungewaomba namba za watazamaji wangekuonyesha watu waliosimama nyuma ya kiti. Lakini walirudi mwaka mwingine, na mwingine, jina likabadilika likawa Evo, na 2023 walioandikishwa kucheza Street Fighter 6 pekee walikuwa 7,061. Si kutazama, kucheza. Hiyo dunia ya gemu za kupigana ndiyo imemtoa hata Mkenya wetu Sylvia Gathoni, QueenArrow, wa Tekken, aliyesajiliwa na timu ya nje 2018. Yeye alijulikana kwa kucheza na kurudi kucheza, hakungoja ligi ya Kenya yenye watazamaji milioni.

Na msidhani hii ni shida ya gemu peke yake. Ligi kuu ya mpira hapa Kenya ilikuwa inaonyeshwa SuperSport, kila mtu anaona tumefika, halafu 2017 ligi ikapanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, wakavunja mkataba, wakaondoka. Pesa ziliondoka nao. Ukijenga nyumba yako yote juu ya mtu mmoja anayekutazama, akigeuza shingo umekwisha.

Hapo sasa nilikuwa nimekata tamaa kabisa. 38. Nilitaka kufuta akaunti niende nikauze maembe na shangazi.

Lakini wiki ya sita nilikuwa Kalamba, nimeenda kumwona nyanya, na mechi ilianza nikiwa soko. Kuna kibanda cha gemu pale karibu na stendi ya boda, PlayStation mbili, aliyefungwa ndiye analipa. Siku hiyo PlayStation zilikuwa zimezimwa. Simu moja imeegemezwa kwa kreti ya soda, spika ndogo imeunganishwa, na vijana wamebanana mbele yake. Nikahesabu vichwa: 14. Wengine wanasimama, boda wawili wamepanda pikipiki zao wanaangalia kwa juu. Kwenye YouTube, hao 14 ni mtu mmoja.

Nikapigia rafiki Mwingi, nikapigia mwingine Emali, nikawaambia tafuteni mahali watu wanatazama, hesabuni. Mwingi 9, Emali 8. Skrini tatu, watu 31. Yaani hizo skrini tatu peke yake zilikuwa karibu zifikie ule wastani wangu wote wa 38. Kwa hivyo namba inadanganya pande zote mbili. Inahesabu mtu wa sekunde tatu kama mtazamaji, halafu inawameza vijana 13 wa Kalamba ambao wamekaa mbele ya kreti dakika arobaini wakipiga kelele.

Huu ndio mchezo ambao wasee wa Nairobi wenye waifai ya nyumbani hawaujui. Wanapima kila kitu kana kwamba kila mtu ana simu yake, bando yake na chumba chake. Huku kwetu kutazama ni kitu cha pamoja kwa sababu bando ni pesa. Na ukitaka ushahidi fungua grafu yangu ya strimu. Kila Jumamosi, kama saa moja baada ya kuanza, mstari unaanguka kama jiwe. Mwanzoni nilidhani natangaza vibaya. Nikabadilisha sauti, nikaweka muziki, nikamwalika mtu mcheshi. Bado, saa moja, chini! Halafu siku moja kijana akaandika kwa komenti, "dada bando ya saa imeisha tutaonana wiki ijayo". Kumbe! Watu wananunua bando ya saa moja, wanatazama mpaka inaisha, wanatoka. Hawakuchoka na sisi. Tulisogeza mechi kubwa ikawa ya kwanza badala ya mwisho, na hilo ndilo badiliko moja lililofanya kazi msimu huu wote. Hakuna mtaalamu wa London angeniambia hivyo. Na tafadhali, kabla ya kusema "wekeni ubora wa juu, strimu inaonekana na ukungu": hiyo 480p inakula kama nusu GB kwa saa. Ukungu ni huruma.

Kitu kingine. Wiki ya saba mwenzangu alikuwa mgonjwa nikatangaza peke yangu, na kwa uchovu nikaanza kuchanganya Kikamba. Nilianza na "nesa mũno" moja, baadaye nikawa nimezama kabisa, kama niko jikoni na binamu zangu. Waliofungua walikuwa wachache kuliko wiki ya nyuma, lakini waliokaa walikaa karibu mara mbili. Sijui kwa nini nilishangaa. Kila matatu ya huku inacheza Musyi FM, na hakuna mtu aliyelazimishwa. Sisi vijana ndio tulidhani e-spoti lazima iongewe kama mtu aliyezaliwa Texas. Sasa kuna ambao watasema Kikamba kitawafungia watu wa nje. Labda. Ila wale wa nje walikuwa sekunde 42 na mathe wa Emali.

Nikirudi kwa swali la mzee, hivi ndivyo ninavyoona mimi. Ligi mpya usiipime kwa siku ya kufungua. Siku ya kufungua watu wanakuja kwa sababu ya fujo, kama harusi. Iangalie wiki ya nne, ya tano. Wale waliotazama wiki ya kwanza, wangapi wamerudi? Sisi kati ya majina yaliyoandika komenti wiki ya kwanza, 52, waliokuwa bado wanaandika wiki ya nane ni 29. Hiyo ndiyo namba yangu ninayoipenda na haitawahi kutosha kwa bango. Angalia pia timu. Tulianza 16, zimebaki 15, na ile moja ilitoka kwa sababu kapteni wao alipata kazi Mombasa, hapo nitamlaumu nani? Angalia kama mshindi wa wiki amelipwa.

Na hapo kwa kulipwa, wacha niseme, kwa sababu ndio huwa hatusemi. Kabla ya hii ligi nilitangaza nyingine, miaka miwili iliyopita, online tu. Ilikuwa na namba kubwa, kubwa kuliko zetu kwa mbali. Mshindi wa wiki ya kwanza aliahidiwa 3,000. Alipata baada ya wiki saba, kwa awamu mbili, na ya pili ilikuwa pungufu. Yeye ni kijana wa sekondari, alikuwa ameshaambia nyumbani kwao. Waandaaji walikuwa na pesa za matangazo ya kusukuma video, hizo hazikuchelewa hata siku moja. Ukinionyesha ligi yenye watazamaji 50,000 na wachezaji wanaodai, mimi nitakuambia hiyo ni tangazo refu.

Najua kuna mtu anasema sasa huyu amekuwa mtakatifu, si kila mtu hupaka namba rangi. Ndiyo, wengi hupaka. Kuna msee aliniambia atanipangia watazamaji wa kununua, mia tano wakae ndani ya strimu saa nzima, bei ya chai na mandazi ya wiki. Nilifikiria. Nilifikiria siku mbili, sitadanganya. Halafu nikajiuliza, nikimwonyesha mzee hao mia tano, akiongeza zawadi, akangoja wateja, asione mtu, mwaka ujao kijana mwingine wa Kitui akimfuata na ligi halisi atamwambia nini? Atamfukuza. Na ata-kuwa na haki. Sponsa wa Nairobi akidanganywa ana bajeti nyingine. Huku duka lenye moyo wa kusaidia gemu ni moja.

Pia sikubaliani na wale wa upande ule mwingine, ati "namba si kitu, ni mapenzi ya mchezo tu". Acheni. Mapenzi hayanunui bando. Gemu ya simu inaweza kukusanya watu wengi kweli: fainali ya dunia ya Free Fire kule Singapore 2021 ilikuwa na zaidi ya watu milioni 5.4 kwa wakati mmoja, na hiyo ni gemu inayocheza kwa simu ya bei ya chini kabisa, ile ile ambayo sisi tunacheza. Kwa hivyo watu wapo. Namba ni muhimu. Mi nataka tu iwe ya kweli, na ipime kitu ambacho kipo.

Basi Jumanne nilikaa chini, nikamwandikia mzee ujumbe mrefu wa WhatsApp. Nikamwambia lile bango halikuwa sawa na ni mimi nililiandika, si wenzangu. Nikamwekea: kilele 143, wastani 38, waliorudi 29 kati ya 52, klipu ya mathe pembeni kama kitu chake. Nikamwekea picha ya kreti ya Kalamba na hesabu ya vichwa. Nikamwambia timu tisa kati ya 15 zinatoka mahali ambapo mtu anaweza kupanda matatu asubuhi, akafika dukani kwake na kurudi kwao siku hiyohiyo, na kwamba washindi wote wa wiki nane wamelipwa ndani ya siku mbili, kwa sababu yake. Nikaomba tuweke zawadi ya fainali palepale dukani, tuone wanaokuja kwa miguu.

Alisoma. Zile tiki mbili zikawa za bluu saa tatu asubuhi. Saa kumi jioni akajibu: "Nimeona. Tuongee Jumatatu."

Fainali ni Jumamosi hii, saa nane mchana, mechi kubwa ndiyo ya kwanza. Kama mnatazama mkiwa kundi, naomba mmoja wenu aandike kwa komenti mko wapi na mko wangapi. Msiongeze hata mmoja.